Mama Maktaba na Vikaratasi Vyake

Kabla hujagusa kitabu chochote cha kabati la vioo, Mama Maktaba alikutaka ufanye mambo mawili: unawe mikono, halafu uandike swali lako. Beseni lilikaa mlangoni juu ya kigoda, pamoja na kipande cha sabuni ya mche na taulo la kijani ambalo alilifua mwenyewe kila Ijumaa. Vikaratasi vilikuwa mezani kwake, vimekatwa kwa rula kutoka kwenye mitihani ya zamani iliyokuwa tupu upande mmoja. Ukishanawa, unapewa kikaratasi na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, unaandika unachotaka kujua, yeye anasoma. Mara nyingi alikurudishia.

Hakukurudishia kwa hasira. Alikisukuma tu kikaratasi kwa kidole kimoja, akasema hili si swali, hili ni jina la kitabu. Au: umeandika "sensa", haya, sensa imefanya nini? Watu wa Tunduma tuna haraka. Mji wetu wa mpakani unaishi kwa foleni na kwa kuiruka foleni, na mtu aliyeacha bodaboda inamngoja nje hapendi kuambiwa akae afikiri. Wengine walinuna, wengine walijibu vibaya, mmoja alichana kikaratasi mbele ya macho yake. Alimpa kingine. Funguo za kabati alizifunga kwenye pindo la kitenge chake, kiunoni, na hapakuwa na njia ya kuzifikia isipokuwa kwa swali.

Jina lake silitaji. Nililijua kwa bahati, siku moja kwenye kadi ya harusi, nikaona kama ni la mtu mwingine kabisa. Hata marehemu mumewe, nasikia, alimwita Mama Maktaba kama sisi wengine. Alizaliwa wapi na kwa nani siwezi kusimulia. Nilimjua akiwa tayari ana mvi, na miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya mwembamba. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyesoma kwa Kiswahili na kulelewa kwa Kinyiha, na akichoka, sauti ilipanda na kushuka kwa namna ya watu wa Ihanda.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Lori likishika breki barabara kuu, vioo vya kabati vinalia. Mimi ni karani wa wakala wa forodha. Kazi yangu ni kutembea na makaratasi ya mizigo kutoka dirisha moja hadi jingine, na kati ya dirisha na dirisha kuna kungoja kwingi. Wenzangu walingojea kwenye vibanda vya chipsi. Mimi nilingojea maktaba kwa sababu kulikuwa na kivuli na gazeti, na hakuna aliyenisemesha. Nilifanya hivyo miaka sita au saba. Hatukuwa marafiki. Nilisema shikamoo mama, yeye akasema marahaba baba, umenawa, na mazungumzo yetu ya siku yakawa yameisha.

Lakini mtu huwezi kukaa mahali miaka saba usione kinachofanyika. Aliyekuja kutafuta habari za watu wa mahali fulani, Mama Maktaba hakumpa namba. Namba zilikuwa za mwisho. Kwanza alimpa kamusi, ajue neno analolitumia lina maana gani. Kisha atlasi, aone mahali penyewe pako wapi na panapakana na nini. Kisha ensaiklopidia, hata iliyopitwa na wakati, asome waliotangulia walisema nini, na akifika mwisho wa maelezo atazame waandishi walichota wapi. Ndipo alitoa juzuu la sensa, na hilo nalo hakukuruhusu ulifungue katikati.

"Anza mbele," alisema. "Huko ndiko wanakokiri."

Alimaanisha zile kurasa za mwanzo zenye maandishi madogo, ambako walioandika ripoti wanaeleza kaya ni nini, nani alihesabiwa na nani hakuhesabiwa, na mipaka ipi ilitumika. Hakuna mtu anayezisoma. Yeye alizisoma mchana kukiwa na joto na chumba kitupu, midomo ikichezacheza, akipiga mstari kwa penseli nyepesi na kuufuta tena kabla hajarudisha juzuu kabatini.

Siku moja alikuja kijana wa chuo kutoka Mkwajuni, ana begi kubwa na haya kidogo. Aliandika swali zuri, tena refu, kwamba anataka kujua idadi ya watu wa Mkoa wa Songwe imekuwaje tangu sensa za zamani. Mama Maktaba alilipenda swali lile. Akamfungulia kabati, akampangia juzuu zote mezani, akarudi kwenye kiti chake. Kijana alitafuta asubuhi yote. Alifungua mbele kidogo, nyuma kidogo, akanyanyuka, akakaa. Hatimaye akaja mezani kusema kwa adabu kwamba vitabu vya zamani vimechanwa, kurasa za Songwe hazimo.

Mama Maktaba alivaa miwani, akahesabu kurasa kwa kulowesha kidole, akamwambia kurasa zote zipo. "Mkoa wako ulikuwa haujazaliwa," akasema. "Mtafute kwa mama yake."

Mama yake ni Mbeya, kila mtu wa hapa anajua, ila ukiwa umekua ukisikia Songwe, Songwe, unasahau. Ikabidi kijana aanze upya, akusanye Mbozi ya zamani na Ileje, na Mkwajuni kwao aitafute ndani ya Chunya. Alipoondoka nilimuuliza Mama Maktaba kwa nini alimwacha ahangaike asubuhi nzima. Akasema ningemwambia saa tatu, saa kumi angekuwa amesahau. Nilicheka sana siku ile. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Alikuwa na vituko vyake. Alidai kimya, na sauti iliyosikika kuliko zote chumbani ilikuwa yake, hasa akizungumza kwa simu na dada yake kana kwamba wako vilima viwili tofauti. Simu alizisema vibaya kwamba zinawajibu watu kabla hawajauliza, na ya kwake ilikuwa kubwa kuliko yangu, imejaa nyimbo za kwaya na picha za miche ya kahawa. Alikuwa mkali kwa kila tarehe iliyokosewa ila umri wake mwenyewe alikataa kuutaja. Na alisema kitabu cha marejeo hakitoki nje ya chumba hata akija askofu, lakini kwa macho yangu nilimwona akiifunga atlasi ndani ya kitenge na kumpa mama mmoja muuza nyanya, ambaye binti yake alikuwa amevunjika mguu na mtihani ulikuwa karibu. Alijua nimeona. Akanitazama juu ya miwani, akaniambia gazeti unalosoma ni la juzi, la jana liko pale.

Kituko kikubwa kilikuwa cha sensa ya mwisho. Wiki kadhaa kabla yake, watu sokoni walikuwa na mambo yao. Wengine walidhani wanahesabiwa wenyeji tu, wengine walisema mgeni ukimtaja utaulizwa kibali. Mama Maktaba alikuwa akifunga maktaba jioni na kupita kwenye meza za wafanyabiashara kuwaeleza. Wanawake wa Zambia wanaovuka na vitu vyao walimsalimu kwa lugha yao, mulishani, akawajibu bwino, akawaeleza na wao. Maelezo yake yalikuwa yale yale kila meza. Karani wa sensa hakuulizi kwanza wewe ni wa wapi. Anakuuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa. Dereva wa Kongo aliyelala ndani ya lori lake kwenye foleni yetu, anahesabiwa Tunduma. Mtoto wako aliyelala kwa shangazi yake Nanyala, anahesabiwa Nanyala, usimtaje kwako tena ukamfanya wawili.

Basi jioni ile ile ya kuamkia sensa ikaja habari ya msiba Nakonde, ng'ambo ya mpaka, upande wa ndugu za marehemu mumewe. Alivuka, akalala kwenye mkeka na wafiwa wenzake, akarudi siku ya tatu. Mwanamke aliyewafundisha watu wote wa sokoni kuhesabiwa, mwenyewe hakuhesabiwa. Tulimtania mwezi mzima. Wauza nyanya walimwambia kwa hiyo wewe si mtu, wewe ni kivuli tu kinachofungua maktaba. Hakucheka, wala hakukasirika. Alisema nililala ng'ambo, na wangeniandika hapa wangekuwa wameandika uongo.

Juzuu la sensa hiyo lilipofika, aliniita mezani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alifungua mbele, akapita kurasa za maelezo, akafika kwenye kata yetu, kwa sababu yeye na mimi tunakaa kata moja. Akaweka kidole kwenye namba.

"Hapa mimi simo," akasema, kama mtu anayekuonyesha picha ya darasa lake ya siku aliyokuwa anaumwa. Niliona ni jambo la kuchekesha, nikarudi kwenye gazeti langu.

Sasa niseme la kwangu, kwa sababu bila hilo nisingekuwa na haja ya kumwandika.

Kijiji chetu kiko kwenye milima ya Ileje, mahali ambapo masika barabara inageuka kuwa kitu cha kuteleza nacho. Watu wa kule walikuwa wamejenga boma la zahanati kwa nguvu zao, tofali za kuchoma, mpaka kwenye lenta. Likasimama hapo bila bati, mvua zikilinyeshea, likingoja serikali ipaue na kuleta muuguzi. Mwenyekiti wa kijiji akanipigia. Akasema wewe uko mjini na kazi yako ni makaratasi, tuandikie maelezo ya kusindikiza ombi, uonyeshe watu wetu wameongezeka kiasi gani tangu sensa ile hadi hii. Sitaficha, nilivimba kichwa. Mdogo wangu Atupele, aliyeolewa pale pale kijijini, alichukua simu ya mwenyekiti akaniambia kaka andika vizuri, na mimi nitaitumia hiyo zahanati.

Nilikwenda maktaba saa nane mchana, lori la shaba likiwa kwenye mstari na dereva akinipigia kila dakika mbili. Nilinawa mkono mmoja tu. Kwenye kikaratasi nikaandika: Idadi ya watu, kata ya kwetu, sensa mbili. Mama Maktaba akakisukuma kwa kidole. Akaniuliza ninataka kujua nini hasa. Nikamwambia mama, nina lori, leo nisaidie tu. Sijui kwa nini alikubali. Labda ni miaka yote ile ya shikamoo na marahaba. Alifungua kabati, akanipa juzuu la zamani na la sasa, nami nikafungua katikati, nikaitafuta kata ya kijijini kwetu kwa jina, nikapiga picha kwa simu. Nikafungua la pili, jina nililikuta, nikapiga picha. Dakika tano hazikufika.

"Umepiga picha namba," alisema nikiwa mlangoni. "Mbele hujafungua."

Nikasema nitarudi. Sikurudi. Kesho yake niliketi ofisini nikaandika maelezo, na nilipoziweka namba mbili sambamba nikaona ile ya sasa ni ndogo kuliko ya zamani. Niliona. Mimi ambaye lori likipungua uzito kidogo tu nasimamisha kila kitu, nilitazama watu wa kwetu wamepungua nikasema aa, wanaosoma mambo haya wanataka tu waone kuna takwimu. Nikaandika kwamba watu wameongezeka, nikaziweka namba zote mbili chini ya sentensi hiyo, nikatia sahihi kwa niaba ya kijiji.

Walisoma. Ombi lilirudi kwa mwenyekiti na maneno machache kwamba takwimu zenu wenyewe zinaonyesha mnapungua, hivyo watangulie wengine.

Nilirudi kwa Mama Maktaba na karatasi ile. Alinawa, akafungua juzuu la sasa, kurasa za mbele, akateremsha kidole kwenye yale maandishi madogo, na haikuchukua hata dakika kumi. Kati ya sensa ile na hii, kata yetu iligawanywa. Vijiji vya bondeni vilipewa kata mpya yenye jina lake, sisi wa juu tukabaki na jina la zamani. Namba niliyoichukua ya zamani ilikuwa ya pande zote mbili, ya sasa ilikuwa ya kwetu peke yetu. Ukizijumlisha kata mbili, watu walikuwa wameongezeka, tena sana. Lilikuwa ni kosa lile lile la yule kijana wa Mkwajuni niliyemcheka, tofauti ni kwamba yeye alirudi mezani kuuliza.

Mama Maktaba alivua miwani. "Nilikuona ukipiga picha," akasema. "Ningekunyang'anya hiyo simu." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akijutia kitu. Tukakaa siku mbili, tukaandika upya, na mara hii nilinawa mikono yote na kuanza na kamusi. Maelezo yalipokelewa, yakakubaliwa, tukaambiwa mtaingia katika bajeti ya mwaka unaofuata. Na kweli tuliingia. Leo zahanati ina bati la bluu na muuguzi mmoja, nimeiona.

Atupele alikufa katikati ya hapo.

Ilikuwa masika. Uchungu ulimshika kabla ya siku zake, damu ikawa nyingi, wakampakia kwenye pikipiki katikati ya dereva na mumewe kwenda kituo cha mbali, na njiani pikipiki ilikwama kwenye tope mara tatu. Mara ya tatu hawakuwa na haja ya kuikwamua. Mtoto naye hakupona. Nilipigiwa nikiwa dirishani na makaratasi ya lori mkononi. Nilisikiliza, nikasema sawa shemeji, nikayasukuma makaratasi dirishani, nikapata mhuri. Lori liliondoka kwa wakati.

Sikulia. Nyumbani walidhani ni uanaume. Tulimzika, nilishika koleo zamu yangu ilipofika, nilikula ugali wa msibani, nikalala, nikaamka. Ni kama mguu ulioukalia vibaya ukafa ganzi. Unaugusa, unajua ni wako, basi. Shemeji mwenyewe aliniambia hata zahanati ingekuwapo pengine isingesaidia, damu yenyewe wasingekuwa nayo. Anaweza kuwa anasema kweli. Lakini boma lile lingepauliwa mwaka uliotangulia kama nisingekuwa na haraka, na hilo nalo ni kweli. Nayajua yote mawili, na hakuna lililonisukuma upande wowote. Mke wangu alinivumilia.

Tuliporudi Tunduma watu walikuja kutupa pole. Mama Maktaba alikuja na sukari kwenye mfuko, akaketi mkekani na kina mama, akaimba nao wimbo mmoja, akaondoka bila kuja niliko. Nilishukuru. Tangu hapo sikwenda tena maktaba. Nilingojea malori yangu kwenye kibanda cha chipsi kama wenzangu, na baadaye nikasikia amestaafu, amerudi shambani kwake Ihanda.

Mwaka huu, msimu wa kahawa, lori letu moja liliharibika karibu na Nanyala. Nilikwenda kushughulikia makaratasi yake, na wakati wa kurudi, gari lilipofika Ihanda nikajikuta namwambia konda nashuka. Sikuwa nimepanga. Niliulizia kwa Mama Maktaba, na hata huko, kwenye nyumba za watu wenye vitabu viwili, Biblia na daftari la shule, wakajua namuulizia nani.

Nilimkuta amesimama mbele ya kichanja, anageuza kahawa kwa viganja. Alikuwa amepungua mwili, waya wa miwani umebadilishwa na uzi mweusi. Nikamwamkia.

"Marahaba baba. Umenawa?"

Beseni lilikuwa mlangoni kweli. Nikanawa. Akanipa chai na magimbi, tukaongea habari za lori, za bei ya kahawa, za yule aliyeshika maktaba baada yake ambaye anawaachia watu wafungue kabati wenyewe. Kisha akaingia ndani akatoka na kopo kubwa la majani ya chai. Lilikuwa limejaa vikaratasi. Alipostaafu aliondoka navyo vyote, miaka yote ya maswali ya watu. Alipekua polepole kwa kidole alicholowesha, akatoa kimoja akakiweka mbele yangu. Ulikuwa mwandiko wangu. Idadi ya watu, kata ya kwetu, sensa mbili.

"Hili halikuwa swali," akasema.

Nikasema najua mama. Akanipa kikaratasi kitupu na kalamu. Sikujua naandika nini mpaka nilipoona nimeandika. Nilikuwa nimeandika: Atupele yumo?

Alikisoma. Nilingoja akisukume kwa kidole, hakukisukuma. Alikiweka gotini juu ya kitenge, akakinyoosha kwa kiganja.

"Alilala wapi usiku ule?"

Nikajibu upesi kwamba alilala kwao, kijijini. Mama Maktaba alikuwa akingoja kama alivyokuwa akiwangoja watu wote, na nilipokuwa nikitazama mikono yake ndipo nikakumbuka vitenge. Atupele alikuwa ameteremka Tunduma kununua vitenge vya ng'ambo kwa ajili ya sare za kwaya yao, akakaa kwetu siku tatu. Siku ya sensa karani alikuja asubuhi, akaketi kwenye sofa letu na kishikwambi chake, akaniuliza mimi kama mkuu wa kaya, mlilala wangapi humu. Nikamwambia wanne. Mimi, mke wangu, watoto wawili. Atupele akatokea mlango wa jikoni na sufuria mkononi.

"Kaka, na mimi?"

"Wewe mgeni," nikamwambia.

Karani akasema hapana mzee, mgeni naye anaandikwa. Akamwandika. Alimuuliza umri, alimuuliza kama anajua kusoma na kuandika, na Atupele alijibu akiwa amesimama wima kama yuko kwenye gwaride, kisha akasogea kutazama kwenye kioo kama jina limeandikwa sawasawa. Siku nzima alinitania kwamba nilitaka kumnyima serikali. Nilikuwa nimeyasahau yote hayo. Nilimsimulia Mama Maktaba, maneno yakitoka moja moja.

"Basi kijijini hayumo," akasema. "Usimtafute huko, utachosha macho. Yumo Tunduma, kwenye kata yako. Ile namba niliyokuonyesha kwamba mimi simo, yeye yumo."

Nikamuuliza kama namba hiyo itakuja kubadilishwa.

"Watahesabu tena, wataandika nyingine," akasema. "Ile haiguswi."

Akanirudishia kikaratasi, si kwa kukisukuma, alinitilia mkononi. Akaniambia kila swali likijibiwa jibu liandikwe chini yake, nami sikuwahi kuandika hata moja. "Andika," akasema. "Mlilala wangapi?"

Neno wanne lilikuwa tayari mdomoni, kama lilivyokuwa siku ile kwenye sofa. Nikasikia uso wangu umelowa.

"Watano, mama," nikasema.

Nikaandika watano. Alikipokea, akakisoma juu mpaka chini, akakitia kwenye kopo pamoja na vingine.